Namba ya Kumpa Muuguzi

2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua ukiona bahasha kabla ya mwisho wa muhula utafikiri nimefukuzwa. Sijafukuzwa. Vua viatu, kaa chini, soma taratibu.

Muhula huu tuna somo linaitwa Maumivu na Utamaduni. Usicheke. Mwalimu wake ni mpole, ila kila ukisema neno anakuuliza kwa nini, ndiyo maana tumempa jina la Bwana Kwa Nini. Juzi mwenzetu mmoja alimwambia, "Mwalimu, naomba kutoka, tumbo linauma." Akamjibu, "Kwa nini unasema linauma, husemi linasumbua?" Mwenzetu alitoka mbio bila kujibu, sisi tukabaki hoi kwa kicheko.

Mtihani hakuna. Kila mwanafunzi anatafuta mtu mmoja mwenye maumivu ya muda mrefu, anamhoji, kisha anaandika kazi ndefu. Alama zimegawanywa sehemu tatu: maandishi, kuitetea kazi mbele ya darasa, na sehemu ya tatu ambayo haturuhusiwi kumweleza mhojiwa, mwalimu mwenyewe ndiye atakayemwandikia. Ukianguka sehemu moja umeanguka somo zima.

Nataka nikuhoji wewe. Wenzangu wanahangaika wodini kutafuta wagonjwa, mimi wangu yupo nyumbani. (Limetoka vibaya hilo, nisamehe. Unanielewa.) Hili ndilo somo langu la mwisho. Nikipita, kile kituo cha tiba ya mazoezi ya viungo kitaniajiri mwezi wa saba. Nisipopita narudia mwaka, na nafasi anapewa mwingine.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unasema "sijambo" halafu unakata.

Chiriku wako


7 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua imefika kazini na aliyeipokea ni mwenzangu Bi Mvuke. Kwa kelele zake, chumba chote cha kufulia kikajua nina barua. Alidhani ni posa. Nikamwambia nani atamposa mwanamke mwenye vidole kama tangawizi. Akasema wapo wanaopenda tangawizi.

Mwanangu, mimi nina nini cha kuhojiwa? Viungo vinauma, nameza dawa, naenda kliniki, naulizwa namba, natoa namba, narudi kukunja mashuka ya hoteli. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo, imekwisha. Lakini kama ni kwa ajili ya kupita, njoo. Uliza lolote isipokuwa habari za baba yako, maana yule si maumivu, ni hasara.

Jumamosi sina zamu. Mimi nitapika, wewe utaosha vyombo, usijifanye msomi.

Na usije na wasiwasi. Siku hizi nimepata nafuu.

Mama


30 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimemaliza kuandika leo. Asante kwa ile Jumamosi. Nimeisikiliza sauti yako mara nyingi mpaka mwenzangu wa chumbani amejua kukuigiza: "Aa, ni kawaida tu." Kila swali jibu lako ni hilo. Akitaka kunichekesha ananiuliza umelalaje, halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti yako.

Mwanzoni niliogopa, nikaona sina kitu. Halafu nikagundua kwamba hicho ndicho kitu chenyewe. Nilichukua zile namba za maumivu nilizonakili kwenye kadi yako ya kliniki nikazipanga: mbili, mbili, tatu, mbili, mwaka hadi mwaka. Daktari akiangalia picha za mifupa anaandika viungo vimeharibika sana. Wewe unasema mbili. Kwa nini? (Nimeambukizwa.) Hoja yangu ni kwamba ulilelewa mahali ambapo mwanamke halalamiki, na mwili uliolelewa hivyo mwishowe hausikii maumivu kama miili mingine. Yaani siyo kwamba unavumilia, Mama. Ni kwamba kweli huumii sana. Mwalimu aliposoma muhtasari aliandika pembeni "Vizuri sana!" na yule huwa haandiki alama ya mshangao, anaandika ya kuuliza.

Mimi nimefurahi kwa sababu nyingine. Miaka yote hii nimekuwa nakaa darasani nikiwaza kwamba unateseka. Kumbe.

Mwalimu atakutumia kazi yenyewe. Usiniambie utakachomjibu, hairuhusiwi.

Chiriku


14 Aprili

Kwa Mama wa mwanafunzi wangu,

Shikamoo, Mama. Mimi ndiye ninayemfundisha binti yako somo la Maumivu na Utamaduni. Ndani ya bahasha hii utaikuta kazi yake. Hapa kwetu hatumalizi kazi ya mwanafunzi bila kumsikiliza aliyehojiwa, kwa hiyo nakuomba uisome yote, kwa nafasi yako, kisha uniandikie namba moja, kutoka sifuri hadi kumi. Kwa kuwa somo lenyewe ni la maumivu, tumeazima kipimo unachokijua, kile cha kliniki, ili wahojiwa wasijione wako shuleni.

Ukipenda kuongeza maneno, ongeza. Muhimu ni namba, na iwe yako mwenyewe bila kushauriana na binti yako. Ikishanifikia sina ruhusa ya kuigusa.

Nakushukuru kwa kutuazima maisha yako.

Mwalimu


20 Aprili

Mwalimu,

Marahaba. Kazi nimeisoma yote. Nilianza kuisoma kazini wakati wa mapumziko, mwisho wake nikausomea nyumbani. Mtoto ameandika vizuri, sentensi zake ni safi. Ukurasa wa tisa anasema siku bomba la maji ya moto lilipopasuka likaniunguza mguu, niliendelea kukunja mashuka "kama mtu asiye na mwili". Sikujua kama alikuwa ananitazama hivyo. Lakini si neno.

Namba yangu ni mbili.

Ahsante kwa kumfundisha mwanangu.

Mama yake


12 Mei

Mama,

Nimeanguka.

Maandishi nimepata alama ya juu, wa pili darasa zima. Kutetea kazi nimepata vizuri. Halafu sehemu ya tatu, ile ambayo hatukuruhusiwa kuwaeleza, ndiyo alama anayotoa mhojiwa. Mbili. Mbili, Mama? Kati ya kumi?

Matokeo yamebandikwa mlangoni, kila anayepita anasoma. Bibi wa mwenzangu mmoja hajui kusoma, alisomewa kazi na jirani, akatoa kumi na akaomba nakala aitundike ukutani. Kuna jamaa mwingine alimhoji seremala mwenye mgongo, kazi yake ovyo kabisa, kachanganya mgongo na figo, na seremala kampa saba "kwa sababu kijana ana adabu". Mimi mama yangu mzazi amenipa mbili. Mwenzangu wa chumbani ameacha kukuigiza. Ananitazama kama mtu aliyefiwa.

Kama nilikukosea ungeniambia. Ni habari za baba? Sikumtaja. Ni ule ukurasa wa mguu? Jumamosi ile ulisema "andika utakavyo". Nimekaa na kazi yangu mapajani nikitafuta mahali nilipokutukana, sipaoni. Nilidhani nimekuandika vizuri. Sijali mlango na watu wanaosoma mlangoni. Linaloniuma ni hili, kwamba nilidhani nimekuandika vizuri.

Mwisho wa mwezi sitakuja.

Binti yako


16 Mei

Mwalimu,

Nakuandikia kwa haraka, unisamehe mwandiko. Kumetokea kosa. Uliniambia kipimo ni kile cha kliniki. Kliniki muuguzi huniuliza leo maumivu ni ngapi: sifuri hakuna, kumi hayastahimiliki. Basi mimi niliisoma kazi ya mwanangu, nikajiuliza imeniuma kiasi gani, nikakuandikia mbili. Mbili ndiyo namba ninayompa muuguzi siku zote. Sikujua kama natoa maksi. Mzazi gani ampe mwanawe maksi mbili?

Naomba uifute uandike kumi. Kama kumi ni nyingi andika tisa. Mtoto hana kosa, na amekasirika nami, na ana nafasi inamsubiri mwezi wa saba.

Mama yake


23 Mei

Mama,

Nimeisoma barua yako kwa aibu. Nilifurahia ujanja wangu wa kuazima kipimo, nikasahau kueleza kinapima nini. Wewe ndiye wa kwanza kunijibu kama mgonjwa. Au ndiye wa kwanza kuniambia, sasa sijui tena.

Kubadilisha namba ni kazi ya kamati ya mitihani. Kamati haipendi jambo hilo, maana kila mwaka yupo shangazi au mjomba anayerudi na namba mpya baada ya mtoto kulia. Lakini nikiwaeleza kwamba kwako mbili ilimaanisha kazi haikukuumiza, wataelewa, na atapita.

Kuna jambo moja tu. Umeandika kwamba mbili ndiyo namba unayompa muuguzi siku zote. Hukuandika kwamba ndiyo maumivu unayoyasikia. Huenda nachimba mahali pasipo na kitu, wanafunzi wananicheka kwa tabia hiyo. Lakini kazi yote ya binti yako imesimama juu ya namba za kadi yako. Kama ni za kweli, niandikie mstari mmoja tu, nami nitaupeleka kwa kamati. Kama si za kweli, namba uliyonipa itarekebishwa, ila kazi itaanguka kwa maandishi, kwa kuwa itakuwa imethibitisha kitu ambacho hakipo.

Ningeweza kujifanya sikuiona hiyo sentensi. Nimejaribu.

Utakachoniandikia kitaingia kwenye faili lake, na mwanafunzi ana haki ya kulisoma faili lake.

Mwalimu


29 Mei

Mwalimu,

Namba za kwenye kadi ni za kweli. Siumwi sana. Kazi ya mwanangu ni sahihi yote tangu mwanzo mpaka mwisho.

Naomba apite.

Mama yake


29 Mei

Chiriku,

Utaisoma barua niliyomwandikia mwalimu wako leo. Soma hii kwanza.

Sikukupa maksi mbili. Mwalimu wako alisema kipimo ni cha kliniki, nami nikajibu cha kliniki. Nilidhani anataka kujua kama kazi yako imeniuma, nikaandika mbili ili asikulaumu. Sasa ameelewa. Utapita.

Lakini uliniuliza kama ulinikosea, na sitaki uishi ukifikiri hivyo. Kwa hiyo nakwambia wewe, peke yako. Namba za kwenye kadi si za kweli. Ulipokuwa kidato cha nne, kabla ya mtihani, nilimwambia muuguzi nane. Ulikuwa umekaa pembeni yangu. Baada ya hapo hukufungua daftari tena. Asubuhi unanifunga vifungo vya blauzi, ukitoka shule unakuja kazini kunikunjia mashuka, mpaka msimamizi akasema hapa si mahali pa watoto. Kliniki iliyofuata wakanipa kadi mpya, nikasema mbili. Ukanitazama, ukacheka, ukaisahau ile nane, jioni nikakuona na vitabu. Nikaona hiyo namba inafanya kazi kuliko dawa. Tangu hapo nimekuwa naitoa hiyo hiyo, na ili wasishangae mara moja moja naweka tatu. Dawa wananipa za mtu wa mbili.

Bi Mvuke anajua, lakini si kwa kuambiwa. Tukikunja shuka yeye upande wake na mimi upande wangu, shuka likilegea anajua mkono umekataa. Anavuta polepole na kuanza kuitukana sabuni.

Kazi yako imeniuma. Siku ile ya maji ya moto nilikunja mashuka kwa sababu wewe ulikuwa umesimama mlangoni umeniletea chakula. Nilitaka uamini kwamba sisikii. Miaka yote nimetaka uamini hivyo. Sasa nilipokuta umeamini, tena kwa ushahidi, kwa majedwali, umeandika na kupiga chapa, nilikaa juu ya kapu la nguo nikashindwa kuinuka. Bi Mvuke akaniuliza kuna msiba gani. Nikasema hakuna, mtoto amefaulu.

Haya, umeshajua. Sasa nyamaza. Usimwambie mtu. Pita, uende kwenye kituo chako.

Mama yako


9 Juni

Mama,

Shikamoo. Nasikitika kukuandikia hili.

Binti yako alikuja ofisini kwangu na bahasha yako mkononi. Hakunipa niisome. Alisema tu, "Kadi ni ya uongo, Mwalimu. Naomba kazi yangu." Nikamwonyesha barua yako kwenye faili, kwamba namba ni za kweli, na nikamwambia kamati ilikuwa imeshampitisha. Aliisoma amesimama. Akasema, "Basi mimi naikataa kamati." Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Leo usiniulize hivyo, tafadhali."

Nimemrudishia kazi yake. Maana yake ameanguka na atarudia mwaka. Kituo nilikipigia mwenyewe kuomba wamsubiri, wakasema hawawezi.

Nilimwambia pia ninachokiamini: akiandika upya, safari hii aanze na kadi ya uongo, itakuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha. Ingehitaji idhini yako na mahojiano mapya. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akatoka. Labda wewe atakusikiliza.

La mwisho si la mwalimu. Tafadhali mwambie daktari wako namba yenyewe.

Mwalimu


13 Juni

Chiriku,

Nani alikutuma? Nilikwambia nyamaza. Neno moja, nyamaza, basi likakushinda! Ungekuwa na koti jeupe mwezi ujao. Ungekuwa na meza yako. Nimekasirika mpaka nimeunguza foronya, na mimi siunguzi kitu. Nikamweleza Bi Mvuke yote. Akaniambia, "Kwani ulitaka kichwa kigumu akirithi kwa nani, kwa jirani?"

Hasira zimepungua sasa. Mwalimu wako ameniandikia kwamba ukiandika upya itakuwa kazi bora kuliko zote. Basi mimi niko tayari. Nimeomba ruhusa Jumamosi. Njoo na kinasa sauti, nitakueleza tangu ninapoamka mpaka ninapovua viatu, kidole kwa kidole, na sitasema kawaida. Ukitaka hata habari za baba yako nitaziweka. Ukitaka kuandika jina langu, liandike. Sijawahi kumwambia mtu haya na nimeanza kuyapanga kichwani, nikipiga pasi nayapanga. Nitaanza na asubuhi, maana asubuhi ndiyo mbaya.

Nitakuwa nyumbani tangu mapema.

Mama


22 Juni

Mama,

Shikamoo. Jumamosi ile sikuja, na umeshaona. Sitakuja na nyingine.

Niliandika kurasa nyingi kueleza ni utamaduni gani uliokufundisha kunyamaza. Nilitafuta mababu na mabibi, nikanukuu wataalamu. Halafu ukaniandikia kwa mkono wako mwenyewe: "Sasa nyamaza. Usimwambie mtu. Pita." Sikuhitaji wataalamu. Nilihitaji kuzaliwa na wewe tu.

Unasema ulisema mbili ili nisome. Nilisoma. Nilisoma viungo, nikasoma mishipa, nikasoma namna ya kumuuliza mtu anayeumwa bila kumtisha. Nilipomaliza nikaja kukaa mbele yako, kinasa sauti mezani, ukanitazama machoni ukasema kawaida tu. Sikuwa mtoto wa kidato cha nne tena, Mama. Ningekupeleka kwa daktari siku ile ile, kwa miguu yangu.

Unajua ukurasa wa mwisho nilipendekeza nini? Ulisema umesoma yote. Nilipendekeza kwamba wagonjwa kama wewe wasiongezewe dawa, kwa kuwa hawazihitaji. Niliandika hivyo kuhusu mama yangu. Nikapewa "vizuri sana" na alama ya mshangao. Na wewe ukaandika kwamba ni sahihi yote tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hilo siwezi kulifanya kazi bora. Mwalimu kama anaitaka sana ajihoji mwenyewe.

Kwa ajili ya mwaka ujao nimeshapata mtu. Ni mzee mmoja wodini, dereva wa lori, amekatwa mguu. Nikiingia ananitukana. Jana alinirushia kikombe cha plastiki kwa sababu nilimuuliza namba. "Namba gani? Mimi basi la abiria?" Nilicheka mpaka muuguzi akanitoa nje. Akisema inauma, namwamini.

Nikija likizo nitafua, nitapika, nitakufunga vifungo kama vinakushinda. Kukuuliza hali yako sitakuuliza tena. Ukinijibu sitajua nilifanye nini jibu lenyewe.

Mwanao


4 Julai

Kwa binti wa mwenzangu,

Salamu. Mwandiko huu usikutishe, ni wangu mimi, Bi Mvuke. Mama yako wiki hii hashiki kalamu. Hilo hajalisema yeye, naliona mwenyewe. Amekaa hapa mbele yangu, anasema, nami naandika. Kukiwa na herufi mbovu nilaumu mimi. Kukiwa na uongo mlaumu yeye.

Anasema barua yako imefika. Anasema hana kinyongo. Anasema huyo dereva asipewe kikombe cha bati.

Hapa ameinuka kwenda kufungua mlango, kuna mtu wa kuleta nguo, basi ngoja niandike yangu upesi. Kliniki amekwenda. Nilimsindikiza mpaka ndani kwa sababu simwamini. Njiani alikuwa ananiambia, leo nasema, Bi Mvuke, leo nasema. Muuguzi akamuuliza namba. Akatazama vidole vyake mpaka muuguzi akaweka kalamu chini kumsubiri. Nikajua leo ndiyo leo. Mama yako akasema, "Tatu." Nikamkanyaga mguu. Nikamwambia muuguzi, andika tisa, mimi nakunja naye mashuka, mimi ndiye ninayejua. Muuguzi akaniambia, "Mama, wewe siye mgonjwa, kaa nje." Akaandika tatu.

Tulipotoka nikamgombeza njia nzima. Akaniacha nimalize, halafu akasema, "Ya kweli nilimwekea mwanangu. Hakuja kuichukua."

Anarudi. Ananiuliza nimeandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia salamu za watu wa kazini. Sasa anataka nimalizie kwa kukwambia kwamba yeye hajambo, nafuu ipo, na usiwe na wasiwasi.

Haya. Hajambo, nafuu ipo, usiwe na wasiwasi. Nimeandika kama alivyosema.

Bi Mvuke, kwa niaba ya mama yako